Mlinzi wa geti anayefundisha wenzake kungoja mlio

Saa moja kasorobo asubuhi, Lenah Andati anasimama kwenye baraza ya kibanda cha walinzi katika Industrial Area, Nairobi, redio ya mkononi ameiinua juu ili kila mtu aione. Mbele yake walinzi saba wamekalia kreti za soda. Wanne kati yao wametoka zamu ya usiku na macho yamewaiva, lakini hakuna anayeruhusiwa kusinzia.

"Ukifinya hapa pembeni, usiongee," anawaambia. "Ngoja ilie. Ikishalia ndio useme. Mzee Aloo, hebu jaribu."

Mzee Aloo, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, anafinya na papo hapo anaanza kutaja geti lake. Wenzake wanacheka. Lenah hacheki.

"Hapo umejiongelesha peke yako, mzee wangu. Rudia."

Anarudia mara nne. Mara ya tano anasubiri, redio inatoa mlio mfupi, naye anasema. Ndipo Lenah anapomgeukia mwingine.

Lenah, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa na mama wa watoto watatu, hulinda godauni la rangi. Hutoka nyumbani Kariobangi saa kumi na moja alfajiri kwa miguu. Mshahara wake ni shilingi 3,400 kwa mwezi, na chumba chake ni shilingi 1,100, kwa hiyo nauli ni ya watu wengine.

Redio hizi zililetwa Januari mwaka huu wa 1997. Zile za zamani zilikuwa hazina maringo: unafinya, unasema, yamekwisha. Katika hizi mpya, kampuni nyingi zinagawana chaneli chache, na mtambo ndio unaomgawia kila mtu chaneli iliyo wazi. Unapofinya, unaomba tu. Mlio mfupi ndio ruhusa.

"Ni kama mferejini kwetu Kariobangi," anaeleza Lenah. "Mifereji ni mitano, laini ni moja. Unaenda kwa ule umeachwa. Sasa ukikinga mtungi kabla mfereji haujapatikana, utateka nini?"

Fundi aliyezileta aliwafunza kwa saa moja, kwa Kiingereza, akaenda zake. Walichokishika vizuri siku hiyo ni onyo la msimamizi: atakayegusa ovyo kitufe cha dharura, kile cha rangi ya chungwa kilicho juu ya redio, atakatwa mshahara.

Jumanne moja ya mwezi Machi, saa nane mchana, majambazi wanne waliingia kwa geti la nyuma. Phares Mbuthia, mlinzi mwenzake Lenah, aliwazuia na wakaanza kumpiga. Lenah alifinya redio, akataja mahali kwanza kama walivyozoeshwa, kisha akaomba msaada. Kwa kuwa hakungoja mlio, jina la mahali halikufika. Chumba cha mawasiliano kilisikia mwanamke akiomba msaada, basi. Nambari ya redio yake ilitokea kwenye kioo, ila hakuna aliyekuwa ameandika ni ya geti lipi.

Alipofinya tena, chaneli zote zilikuwa zimeshikwa. Redio ikanguruma, maana yake ngoja, umepangwa foleni, utaitwa. Yeye alidhani amekataliwa. Akaachia, akafinya, akaachia, akafinya, na kila mara alirudi nyuma ya foleni. Gari la msaada lilikuwa limepelekwa kwenye godauni jingine, lililoibiwa wiki iliyotangulia. Lilipomfikia, dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita na mkono wa Phares umevunjika mahali pawili.

"Nilikuwa na redio kwa mkono, na mtu anapigwa nikiona," anasema Lenah. "Hiyo kitufe ya chungwa ingepita juu ya watu wote. Niliiogopa kuliko wale wezi."

Alipewa barua ya onyo. Tangu hapo redio ikinguruma popote hushtuka; aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini hakukimbia. Aliomba kile kitabu cha maelezo ofisini, akaazima kamusi, na kwa wiki tisa akakitafsiri chote kwenye daftari. Masomo yake yaliishia kidato cha pili.

Darasa la barazani lilianza Mei, bila malipo. "Walinicheka," anasema. "Eti mwenye onyo amegeuka mwalimu."

Sasa ameomba kazi katika chumba cha mawasiliano, mahali ambapo hakuna mlinzi wa geti aliyewahi kukaa. Alhamisi iliyopita meneja, Bwana Kitonga, alimhoji: mlinzi akipiga kelele nawe umesikia nusu, utafanyaje?

"Nilimwambia simkaripii. Namuuliza, uko wapi? Jina lake nitalijua baadaye."

Bwana Kitonga anakiri kwamba jibu lilimpendeza. "Lakini hiyo barua ya onyo iko kwenye faili," anasema. "Tutaamua wiki ijayo."

Mwandishi alimkuta Phares nyumbani kwake Mathare. Plasta imetolewa, mkono haujanyooka. Kwa miezi miwili hakumjulia Lenah hali.

"Nilikuwa na hasira na Mama Job, sitaficha," anasema, akimwita Lenah kwa jina la mwanawe. "Halafu Mzee Aloo akaniambia habari ya hilo darasa. Nikaenda, nikakaa nyuma. Hata mimi hiyo redio ningeifinya tu vile alifinya."

Wiki iliyopita Phares alimwandikia meneja barua, kwa mkono wa kushoto, akiomba onyo hilo lifutwe. Bado hajajibiwa.

Phares anarudi kazini mwezi ujao, na amepangiwa geti lile lile la nyuma. Lenah anazo habari. Wakimnyima kazi hiyo, anasema, ataiomba tena Desemba, na tena mwakani. Hataji mshahara wa kazi hiyo.

"Siku Phares atafinya hiyo redio," anasema, "nataka mtu wa kumjibu awe mimi."