Mizinga Iliyogeuzwa Ng'ombe

Kwenye posa ya Kezakimana, Melkiori Barandagiye alikaa upande usio wake. Binti alikuwa wake kwa malezi. Baba yake, aliyemfuata Melkiori kuzaliwa, aliaga dunia mtoto hajaota meno, na Melkiori akamkuza kwa maziwa ya zizi lake mwenyewe. Lakini siku hiyo, kilimani kwao karibu na mji wa Ngozi, Burundi, aliketishwa pamoja na wageni awe mkalimani wao, akatazamana uso kwa uso na kaka yake mkubwa Asteri, msemaji wa ukoo. Wageni walikuwa wawili tu, Rokas, kijana aliyekuja kuposa, na mjomba wake Zigmas. Walikuwa Walituania, na kilima kizima hakuna mwanamume mwingine aliyejua lugha yao. Asteri akikasirika, posa ingevunjika, na Keza alishasema wazi kwamba asipompata Rokas hataki mtu.

"Baba mkubwa, usije ukaniharibia," alimwambia asubuhi.

"Hata nikikohoa, nitakohoa kwa adabu."

Kilituania alikipata ujanani, alipokwenda Kaunas, huko Lituania, kusomea uganga wa mifugo. Wageni wenzake walihangaika nacho, yeye kikamkaa upesi, kwa kuwa masikio yake yalikuwa tayari. Sauti ya Kirundi hupanda na kushuka, Kilituania nacho hupanda na kushuka. Ukikinyoosha kama uzi unachekwa. Ila aliyemfungulia mlango hasa ni bibi mmoja mfuga nyuki, Bronė, aliyemlisha supu kila Jumapili bila kudai chochote. Huyo ndiye aliyemweleza kwamba neno lao moja la rafiki limetokana na nyuki, yaani mtu mliyegawana kundi la nyuki. Melkiori akacheka, akamwambia kwao rafiki ni yule aliyekupa ng'ombe, na ng'ombe yumo hata kwenye salamu na kwenye asante.

"Basi nyuki wetu ndio ng'ombe wenu," bibi akasema.

Aliporudi nyumbani hakuwa na wa kuzungumza naye, akawa anaongea Kilituania na ng'ombe wakati wa kukamua. Keza alikiokota humo zizini, na ndicho kilichompeleka kusoma Vilnius, mji mkuu wa Lituania, alikokutana na Rokas. Melkiori humshukuru Mungu kwa ajili ya Bronė kila anapopiga magoti, mpaka padri akamwuliza kama yule mama alikuwa mtakatifu. Alimjibu kwamba supu yake ilikuwa hivyo.

Basi mtungi wa pombe ya ndizi ukawekwa katikati, mirija ikagawiwa. Asteri akaanza kama inavyotakiwa.

"Wageni, mmepotea njia. Hapa hatuna msichana. Tulikuwa naye mmoja, tumeshamwoza."

Zigmas, aliyejifunga mshipi mpana wa kufumwa kama washenga wa kwao, alipotafsiriwa maneno hayo akachanua uso. "Safi! Kwetu pia wanadanganya hivihivi. Sasa zamu yangu." Akasimama. "Kijana wetu ana mizinga mia ya nyuki!"

Melkiori akakwama. Mizinga hata mlevi wa kijiji anayo, imening'inia kwenye miti nyuma ya nyumba. Nani atatoa binti kwa mizinga? Akamkumbuka Bronė, akajipa moyo.

"Anasema kijana ana ng'ombe mia."

Wazee wakaguna kwa heshima. Asteri akavuta mrija. "Pembe zao zikoje?"

"Anauliza nini?" Zigmas akataka kujua.

"Nyuki wako wakoje."

"Wapole! Ila ukiwasogelea unanuka pombe, wanakuchoma."

"Pembe ndefu," Melkiori akasema. "Na hawapendi walevi."

"Nani anawachunga?" Asteri akauliza.

"Mwambie hawachungwi," Zigmas akajibu. " Jioni wanarudi wenyewe."

Asteri akauachia mrija. "Mia, bila mchungaji? Na hawaingii shamba la mtu?"

Kabla Melkiori hajapata la kusema, Zigmas alichomoa mfukoni chupa ya asali yenye picha ya nyuki, akampa Asteri kwa mikono miwili, akavuma: "Zzzz!" Hapo mkalimani hakuhitajika. Asteri akafungua, akanusa, akachovya kidole.

"Melkiori. Hawa ng'ombe wa pembe ndefu wanakamuliwa asali?"

Msemaji ana ruhusa ya kudanganya kwenye posa, mkalimani hana. Melkiori alimwogopea mtoto kuliko alivyojiogopea.

"Kaka, nimegeuza. Alisema mizinga. Niliona mtamdharau, na Keza amkose. Kule mzinga ndio ng'ombe. Kosa ni langu, wao hawana kosa."

Zigmas akamvuta mkono. Alipoelezwa, akapiga makofi akicheka. "Mshenga mwongo! Kwetu mshenga mwongo ananyongwa harusini!"

Safari hii Melkiori alitafsiri neno kwa neno.

"Kumbe ni watu wenye desturi zao," Asteri akasema. "Anyongwe."

Wanawake nyuma ya pazia la mlango wakaangua kicheko. Asteri hakucheka. "Na hakuna wa kumwokoa?"

"Yupo mmoja," Zigmas akajibu kupitia kwa Melkiori. " Bibi harusi, akimvisha kitambaa shingoni."

Kila mtu pale alijua kwamba binti hatoki chumbani mpaka ukoo umekubali. Akitoka, ametolewa. Asteri alimtazama mdogo wake, kisha akachovya kidole tena kwenye asali, akakilamba taratibu.

"Mwiteni, basi. Sitaki maiti uani kwangu."

Vigelegele vikapasuka. Keza akatoka, akavua mtandio wake begani, akauzungusha shingoni mwa Melkiori, akapiga magoti mbele yake na kuishika mikono yake yote miwili.

"Watu wote walinionea huruma kwamba sina baba," alisema kwa Kirundi, taratibu. "Mimi sikuwahi kumkosa, hata siku moja."

Zigmas alikuwa anafuta machozi na hajui kwa nini. "Amesemaje?" akamwuliza Melkiori. "Hebu tafsiri!"

Melkiori akamwinua Keza kwanza.

"Hilo sitafsiri," alisema. "Hilo ni langu."