Madamu Martine na Chawa wa Likizo Ndefu

Mimi ni kinyozi, na niseme mapema kwamba Madamu Martine alipokuja kusuka watu kibandani kwangu sikumpenda. Mteja wangu hukaa dakika tano akaenda zake. Wa kwake alikuja asubuhi na kuondoka saa nane, akitafuna karanga kwenye baraza yangu, akicheka mpaka mashine yangu haisikiki, na maganda yote nafagia mimi.

Alifika Bwera mwaka 2014 akitokea Butembo. Alivuka mpaka pale Mpondwe na mfuko mmoja, na ndani yake mlikuwa na nguo mbili, rozari na vitana kumi na vinne. Nilivihesabu siku alipovipanga kwenye dirisha langu bila kuniuliza. Mume alikuwa naye zamani. Kwa maelezo yake, bwana huyo alikwenda Goma kununua viatu vya kuuza, akapata huko na mwanamke wa kumvalisha. Alisimulia hivyo akicheka mpaka machozi, na sikujua kama machozi yote yalikuwa ya kicheko.

Jambo moja lilitushinda mtaa mzima: kitambaa chake. Martine alisuka nusu ya wanawake wa Bwera, lakini kichwa chake mwenyewe hakuna aliyewahi kukiona. Kilikuwa kimefungwa kitenge kuanzia asubuhi mpaka usiku, na Jumapili ya misa hubadilika rangi tu. Turyamureeba, mwendesha boda boda anayeegesha mbele ya kibanda changu na mwenye maoni juu ya kila kitu, aliapa kwamba mama yule ana kipara. "Kama wewe tu, Zedekia," akaniambia, na kweli mimi sina hata unywele mmoja.

Nina binti mmoja, Tusiime. Mama yake, Kembabazi, alifariki mtoto akiwa na miaka mitano. Sikujua kusuka. Nilijua kunyoa, kama baba yangu aliyekuja kutoka Kenya kuchimba shaba Kilembe na kuwanyoa wenzake siku za mapumziko. Basi kila baada ya wiki mbili nilimkalisha Tusiime kwenye kiti, mashine ikapita, akashuka. Hakulalamika mpaka alipoingia darasa la saba. Hapo akaniwekea sharti: akishika nafasi ndani ya watano bora kila muhula, mashine isimguse mpaka aende sekondari. Shule yake haikuwa kali sana kwa nywele, na mimi nilikubali nikidhani atashindwa. Hakushindwa hata muhula mmoja.

Ndiyo maana mwisho wa 2017, mtihani ukiwa umekwisha, Tusiime alikuwa na nywele zinazogusa shingo, zimesukwa na Martine, na alikuwa akijitazama kwenye kioo cha wateja wangu kutwa nzima. Alikuwa kwenye ile likizo ndefu ambayo mwalimu wa zamani hana amri tena juu yako na mpya bado hajakuona. Februari shule ya bweni ingezikata, alijua. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na harusi. Mama yake mdogo, Nabasa, alikuwa anaolewa Kasese tarehe sita Januari, na Tusiime alichaguliwa kuwa mmoja wa wasichana watatu wa kumsindikiza. Nabasa alituma picha ya msuko anaoutaka. Martine akaibandika ukutani, juu ya kalenda yangu.

Tarehe kumi na mbili Desemba nikamwona mtoto anajikuna.

Alikuwa ametoka kulala wiki nzima kwa binamu zake Kasese, vichwa vinne mto mmoja. Nilitazama nyuma ya sikio. Mayai yalikuwa yameng'ang'ania nywele karibu kabisa na ngozi, na mwenye mayai alikuwa akijipitia katikati yake bila wasiwasi wowote. Nikachukua mashine.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Leo hii watatafuta kwingine pa kupanga."

Tusiime alikimbilia nyuma ya Martine akaangua kilio. "Baba, harusi! Wenzangu wamesukwa, mimi nitakuwa na kipara kwenye picha mpaka nizeeke!"

Turyamureeba hakuweza kukosa neno. "Wewe paka mafuta ya taa. Sisi kule kwetu walikuwa wanatupaka, chawa inakufa siku moja. Ama puliza ile dawa ya mende, inaisha."

Martine alimgeukia na kitana mkononi. "Wewe! Kichwa ya mutoto si taa, na mutoto si mende! Ile mafuta ikishika moto, ama ikimuingia mu macho, utamupeleka wapi na hiyo pikipiki yako?" Kisha akanitazama mimi. "Papa Tusiime, weka mashini chini. Unipe siku kumi. Siku ya kumi, kama chawa muzima iko mu kichwa yake, utanyoa. Mi sitasema kitu."

Nilikubali, tena kwa kiburi, mbele ya Turyamureeba kama shahidi. Nilikuwa na hakika ya kushinda.

Dawa yake haikuwa na siri yoyote. Alifumua msuko wote. Akapaka mafuta mazito ya mbegu za mchikichi, yale meusi yanayotoka Beni na kunuka mpaka barabarani, kuanzia ngozi mpaka ncha. Akafunika kichwa kwa mfuko wa plastiki, akakaa naye saa nzima, macho juu yake. Halafu akatandika kitambaa cheupe mabegani, akachukua kitana kimoja kati ya vile kumi na vinne, chenye meno yaliyobanana, akaanza kuchana kutoka kwenye ngozi, fungu dogo dogo, na kila akichana anakifuta kwenye kitambaa na kutazama.

"Mafuta inawalalisha tu," alisema. "Kuwatoa, ni kitana. Watu banapaka mafuta, banalala, halafu banasema dawa ni mubaya. Dawa ni mukono."

Nikamuuliza kwa nini siku kumi, kama leo anawatoa.

"Yai inashika nguvu. Zingine zinabakia. Tunangoja mutoto atoke mu yai, tunamukamata mbele ya kukuwa mama. Leo, siku ya ine, siku ya saba, siku ya kumi. Ukiruka moja, umefanya kazi ya bure."

Siku ya kwanza kitambaa kilikuwa na chawa arobaini na mmoja. Siku ya nne, kumi na wawili. Siku ya saba walikuwa watatu, wadogo hata macho yangu yaliwakosa. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchemsha vitana, kufua mashuka kwa maji ya moto na kuanika mito juu ya bati.

Lakini nilichokiona zaidi siku zile ni mtoto wangu. Kuchana kichwa kile kulichukua saa mbili kila mara, na saa mbili zote Tusiime alikuwa anaongea. Aliongea juu ya sekondari, kwamba anaogopa kulala mbali. Alimsimulia Martine ndoto za mama yake. Akichoka, huegemeza kichwa kifuani mwa Martine na kusinzia. Mimi nilikuwa nimemnyoa kwa dakika nne kila baada ya wiki mbili, miaka saba, na katika dakika nne mtoto hawezi kukuambia kitu. Niliona wivu, na nikajionea aibu pia.

Siku ya kumi ikafika. Martine akachana, akafuta, akachana, akafuta. Kitambaa kikabaki cheupe mpaka karibu na mwisho, nikaanza kupoteza matumaini ya kushinda. Kisha kisogoni kitana kikatoka na mmoja. Mkubwa, mzima, anatembea.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikachomeka mashine kwenye umeme. Tusiime hakulia safari hii. Alitazama ile picha juu ya kalenda, akainuka, akaja kukaa kwenye kiti mwenyewe, mikono mapajani. Hapo furaha yangu ikaniharibikia.

"Ngoja," alisema Martine. Alikuwa amepeleka kitambaa dirishani penye mwanga na kumtazama yule chawa kwa muda mrefu. "Huyu ni mukubwa. Siku tatu zilizopita niliona watoto tu. Mutoto hawezi kuwa muzee siku tatu. Huyu hakuzaliwa hapa. Alitembea, alitoka kichwa ingine."

Tukatazamana. Kipara changu hakikuhitaji maelezo. Turyamureeba, aliyekuwa amesimama mlangoni kushuhudia ushindi wangu, alirudi nyuma hatua mbili na kuvaa kofia yake ya pikipiki. Nani mwingine alikaa karibu na kichwa cha mtoto saa mbili kwa saa mbili? Mkono wa Martine ukapanda polepole mpaka kwenye kitenge chake, ukasimama hapo.

"Toka," nikamwambia Turyamureeba, nikafunga mlango.

Martine akafungua kitambaa. Hakuwa na kipara hata kidogo. Zilikuwa nywele nyingi, ndefu mpaka mabegani, nusu yake mvi, zimesokotana vibaya kwa miaka bila kuguswa. Nilishangaa mpaka nikasahau kufumba mdomo.

"Butembo, dada yangu njo alikuwa ananisuka," alisema, macho sakafuni. "Huku hakuna mutu. Na mutu hawezi kusuka kisogo yake." Tusiime akampisha kwenye kiti, naye Martine akakaa. "Angalia, Papa Tusiime. Usinifiche."

Sikuhitaji kutafuta. Walikuwa nyuma ya masikio yote mawili.

"Beko?"

"Wapo, Madamu."

Akacheka, kisha akafuta macho kwa kona ya kitenge. "Siku zote hizi ninajikuna, nasema ni joto ya kitambaa. Ni mi nilimurudishia mutoto. Ninachunguza vichwa ya watu, yangu naifunika!" Akanyoosha shingo mbele ya kioo. "Basi. Ahadi ni ahadi. Lakini kama unanyoa, anza na mimi."

Mashine ilikuwa inanguruma mkononi mwangu. Nimenyoa wanajeshi, nimenyoa walevi, nimenyoa wafiwa, na sijawahi kukataa kichwa kilichokalia kiti changu. Nilimtazama Tusiime, naye alikuwa amemshika Martine mkono. Nikaizima.

"Siku kumi zinaanza upya," nilisema. "Kwa vichwa viwili, siku moja. Mafuta yako wapi?"

Martine akamchana Tusiime, nami nikamchana Martine. Mara ya kwanza ilinichukua saa tatu, na alinigombeza saa zote tatu. "Papa! Usivute sawa kamba ya mbuzi! Shika karibu na ngozi, njo uteremuke!" Siku ya nne iliangukia mkesha wa Krismasi, na nyumba nzima ilinuka mchikichi badala ya nyama. Siku ya saba mikono yangu ilikuwa imeshazoea. Siku ya kumi tulimwita Turyamureeba aje ashuhudie, na vitambaa viwili vyeupe vilibaki vyeupe. Aliomba radhi kwa habari ya kipara. Martine akamtuma soda.

Harusini Tusiime alisimama na msuko ule wa kwenye picha, kila mstari umenyooka. Nabasa alimkumbatia akalia, akisema amefanana na dada yake. Nami nikatoka nje kidogo, kwa sababu ilikuwa kweli.

Februari ikaja na orodha ya shule: godoro, sanduku, na nywele fupi. Tusiime alikaa kwenye kiti bila kuambiwa. Kabla ya kuwasha mashine nilimchana kwanza kwa kile kitana, fungu dogo dogo, nikijidai ni uangalifu. Safari hiyo aliniambia mimi mambo yake. Nilinyoa polepole kuliko nilivyowahi kunyoa mtu yeyote, na aliyelia ni mimi.

"Zitaota, baba," alisema, akijipapasa kichwa. Kisha akanipa kitana. "Lakini mikono yako isikae bure. Madamu hana mtu wa kumsuka."

Alipoondoka nyumba ilinyamaza vibaya sana. Siku ya nne, jioni, wateja wakiwa wamekwisha, Martine aliingia ndani, akakaa kwenye kiti changu, akafungua kitambaa. Chawa tulikuwa tumewamaliza tangu Desemba. Nikachukua kitana.

Sasa najua mistari ya kwenda nyuma, ile rahisi ya watoto. Yangu inapinda. Mmoja huanzia juu ya sikio na kupotea njiani, na Turyamureeba ameshautangaza mtaa mzima. Martine anajua kwamba inapinda, ana kioo, na ni msusi. Lakini Jumapili huenda misa kichwa wazi, na mtu akimuuliza nani amemsuka, hujibu kwa sauti, "Ni Zedekia."