Fimbo ya Umeme na Nyama ya Idi

Baba alipong'olewa jino la mwisho, alitutangazia kwamba Idi ya kuchinja hatakula mtori. Uji sawa, samaki sawa, lakini Idi ni nyama, na nyama ya kusaga kwake ni chakula cha mtoto anayeota meno. Nikaapa mbele yake kwamba safari hii atakula nyama ya vipande. Ndivyo nilivyo: naapa kwanza, njia naitafuta baadaye.

Njia ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, zawadi ya mdogo wangu: fimbo ya umeme ya kupikia. Unaisimamisha ndani ya sufuria ya maji, unaichagulia joto, nayo inayachunga maji yasipande wala kushuka joto. Nyama unaifunga kwenye mfuko usioingiza maji, unaizamisha, unaiacha usiku na mchana mpaka ilegee yenyewe.

Siku chache kabla ya Idi nikaijaribu kwa nyuzi sitini na tano. Kioo chake kikawa kinasuasua kwenye arobaini na kitu, huku maji yanafuka mvuke. Nikatumbukiza kidole, nikakitoa kwa yowe. Nyama yenyewe ikatoka ngumu kama soli ya kandambili. Baba akaizungusha mdomoni, akaitema kwa adabu ndani ya leso.

"Mwanangu," akasema, "nia nimeiona."

Sikulia. Nilikasirika, maana kwangu hilo ni rahisi zaidi. Nikampigia simu mdogo wangu, nikamshushia maneno mpaka nikachoka.

"Dada, tatizo ni kihisi joto," akasema. Hiyo ni ncha ndogo iliyo chini ya fimbo, ndiyo inayopima maji. "Ama kimekufa, ama kinadanganya. Kipime kwa barafu. Maji yenye barafu inayoyeyuka hayana mjadala, ni sifuri."

Barafu hapa kwetu Ujiji si tatizo. Nikaenda kwa wauza samaki, nikarudi na ndoo, nikaisimamisha fimbo humo. Namba ikaanza kushuka kwa uvivu wa ajabu. Nikamenya vitunguu vyote vya mchana, nikarudi, bado inashuka. Lakini mwishowe ikafika sifuri, ikatulia. Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Kihisi kilikuwa kizima! Kilikuwa kinachelewa tu kupata habari, fimbo ikaendelea kuchemsha; basi lazima kuna kitu kinakitenga na maji.

Nikafungua kifuniko cha chini. Vitundu vyote vya kupitishia maji vilikuwa vimezibwa na tope zito la kijivu, linanuka mawese. Nikamwita shangazi, dada mkubwa wa baba, mwenye jiko hilo tangu sijazaliwa.

"Ego, ndiyo, ni mimi," akasema bila haya. "Nimeipaka majivu na mawese. Chombo kinakwenda motoni bila kupakwa? Masizi utayasugua wewe?"

"Shangazi, hii haina moto! Masizi yatoke wapi?"

"Nitajuaje? Uliniambia?"

Kweli sikumwambia. Kwetu sufuria hupakwa majivu kwa nje kabla ya kutelekwa kwenye kuni, ili masizi yatoke upesi wakati wa kuosha, na yeye huyakanda kwa mawese yashike vizuri. Basi yalikuwa yameshika. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka akanishinda. Tukaleta mswaki, maji ya moto, sabuni na ndimu, tukasugua kitundu kimoja kimoja. Tulipoirudisha kwenye barafu, namba iliporomoka hata sijavuta kigoda.

Idi mosi jioni nikaizamisha nyama ya paja. Idi pili mchana nikaigeuza kidogo kwenye kikaango, nikamwekea baba vipande, mchuzi pembeni. Akakata kimoja kwa ncha ya kijiko. Akatafuna kwa fizi, macho kayafumba, nami nimesimama na upawa mkononi kama ninayesubiri hukumu. Akameza. Akachukua kingine.

Tangu meno yaanze kumtoka, kila sikukuu shangazi ndiye humalizia nyama ya sahani ya baba, isiharibike. Hata siku hiyo mkono wake ulikuja wenyewe, kwa mazoea. Baba akaifunika sahani kwa kiganja.

"Dada," akasema, mdomo umejaa, "leo kula yako."