Jiwe la Makame Laingia Ramanini

Niliondoka Tanga kwa sababu ya doa jeupe. Katika ramani ya bahari wanayoitumia manahodha, sehemu moja karibu na Chukwani, Unguja, haikuwa na kipimo chochote, na meli mpya, kubwa kuliko zilizopo, ilikuwa karibu kuanza kupita hapo. Kazi yangu ni kupima sakafu ya bahari kwa sona: mtambo hutuma sauti chini, nasi tunausikiliza mwangwi ukirudi.

Nilishuka bandarini Malindi, mjini Unguja, asubuhi, nimelegea kwa kichefuchefu. Alinipokea Makame, mvuvi wa Chukwani tuliyemwajiri kuendesha boti yetu ya kupimia.

"Mpima bahari, na bahari inakutapisha!" akacheka. "Kweli mganga hajigangi."

Siku za mwanzo tulikwenda na kurudi kwa mistari, kama mtu anayepiga pasi kanga. Lakini kila tulipofika mahali fulani, Makame alikata kona.

"Hapo pana madema ya watu," alisema.

Mtego wa mwenzio hauguswi, desturi hiyo naijua, nikaacha pengo kwenye mistari yangu. Ila sikuona boya hata moja. Na kwenye kioo cha mtambo, pande zote za pengo lile, sakafu ilikuwa inapanda.

Jioni, nyumbani kwao, mkewe Bi Zuhura alitupakulia wali na changu wa kupaka. Nikamsifu samaki.

"Wa jiwe letu huyo," akasema, kisha akamtazama mumewe na kuziba mdomo.

Makame akarudisha tonge sahanini. "Jiwe la kuvulia la marehemu baba, pale pale ninapokata kona. Halijui mtu. Wanangu wote wamesoma kwa jiwe lile. Ukishaliandika, kila mwenye simu atajua lilipo."

Nilimwonea huruma, na meli nazo niliziogopea.

Asubuhi yake maji yalikuwa yamekupwa sana. Meli ya abiria kutoka Dar es Salaam ilipita kando ya pengo letu, karibu mno. Akina mama na watoto wakatupungia. Makame akawapungia pia, kisha mkono ukamganda hewani.

"Hiyo meli mpya inayokuja, tumbo lake linazama chini kuliko la hii?"

"Sana."

Akageuza usukani. Kwenye kioo jiwe likainuka, kimo cha nyumba, ncha yake karibu kutugusa.

"Andika," akasema. "Nshakuonesha."

Siku ya kurudi, Makame alinisindikiza bandarini na kikapu cha ng'onda, samaki wa kukausha. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kumwomba radhi. Safari ile ilinifunza kwamba mahali pale palikuwa peupe kwenye ramani yetu tu. Mwenye jiwe alikuwapo siku zote.

"Radhi ya nini, bwana? Wavuvi wenzangu walituona tukizunguka pale. Leo alfajiri nimekuta mashua mbili juu ya jiwe."

"Ukafanyaje?"

Alinikabidhi kikapu, akatazama baharini.

"Nimewaonesha pa kutia nanga. Wale ni wageni pale, hawapajui."