Mashine Isiyosahihisha Makosa

"Kama mji wenyewe umo ndani ya kompyuta, hii CD tunaiomba ruhusa ya nini?"

Mama aliniuliza hivyo Jumapili moja baada ya misa, nyumbani kwetu karibu na Rubya, akiwa bado na kitenge chake cha kanisani. Mimi ndiye niliyesoma chuo kikuu. Mimi ndiye niliyemuuliza padri maswali hadi akawa ananikwepa. Nikasema, "Ndivyo walivyoitengeneza." Akanitazama kama anavyomtazama mnunuzi wa kahawa anayeficha mzani.

Mji ulikuwa wa kaka yangu. Alipofanya kazi Bukoba alipanga chumba Kahororo, na jioni alicheza mchezo mmoja tu wa kompyuta, ule wa kujenga mji. Alipougua alirudi nyumbani na kompyuta yake, akaendelea kujenga akiwa ameegemea mito, mpaka mikono ikakataa. Tulimzika kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mji wake ukabaki, na kanisa juu ya kilima kama la kwetu, na barabara nyekundu inayopinda kuelekea ziwani.

Kila Jumapili nilimfungulia mama. Alikaa kwenye kigoda, akiwatazama watu wadogo wakitembea. "Yule mwenye kofia amelewa tena," alisema. "Kaka yako alimjua mtu wa namna hiyo." Siku moja nyumba ya pembeni mwa mji ilishika moto, na mama akaruka kutoka kigodani. "Zima! Mwana wange, zima!" Niliuzima. Tangu hapo, kabla hajakaa, aliuliza kwanza kama kuna moshi.

Lakini mchezo haukufunguka bila CD yake halisi, na CD ilikuwa na ufa. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, ukianzia kwenye tundu la katikati. Hakuna aliyewahi kuiangusha. Kila Jumapili niliiinua dirishani, na kila Jumapili ufa ulikuwa umesogea kidogo. Kompyuta ilipoizungusha, ililia kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo, sauti ikipanda na kupanda. Nilijua Jumapili mojawapo CD itapasukia humo ndani, na mama hatauona mji tena.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliona hiyo ingekuwa heri. "Mnamzuia mtu asiende," aliniambia. "Kitu cha marehemu kinachowaita watu kukitazama, kinachomwa."

"Nani aliwahi kuitwa, shangazi? Tutajie mmoja."

"Wewe subiri. Kelele yako itaisha."

Niliamua kutengeneza nakala. Kwenye duka la vifaa vya kompyuta mjini Bukoba, fundi aliniwekea mezani mashine mbili za kuchomea CD. Moja ilikuwa mpya, nyembamba, nyepesi kama sahani ya plastiki. Nyingine ilikuwa nzito na ya kijivu, imechomolewa kwenye kompyuta iliyokufa.

"Chukua mpya, dada. Inachoma chochote."

"Hata CD yenye kinga?"

"Kinga ni ya malaria, dada. CD ni CD."

Sikumwamini. Simwamini mtu anayejibu upesi. Nilienda kusoma, jioni baada ya jioni, yale ambayo wageni wa nchi za mbali walikuwa wameandikiana mtandaoni kuhusu mashine za zamani. Nikaelewa. Waliotengeneza mchezo walikuwa wamepanda makosa kwenye CD kwa makusudi, ili isinakiliwe. Mashine ya kawaida ikikuta kosa hulisahihisha, au hulikataa, na nakala inayotoka safi ndiyo hasa mchezo unayoikataa. Nilihitaji mashine isiyosahihisha makosa, inayoyabeba yote kama yalivyo na kuyaandika upya mahali palepale. Ile nyepesi haikuwa na uwezo huo. Ile ya kijivu ilikuwa nao, na ilikubali kupunguzwa kasi, jambo ambalo ufa uliomba kuliko jingine lolote. Isitoshe, ilibidi kazi ifanyike mara moja tu. CD ile isingevumilia kusomwa tena na tena.

Fundi alinipigia simu Jumamosi, nikiwa nyumbani uani, mama akimenya ndizi mlangoni mwa jiko. Shangazi alikuwa ndiyo kwanza ameondoka.

"Ndiyo, ile ya kijivu," nilimwambia fundi. "Ndiyo, ni ya marehemu. Tunaichoma wiki ijayo. Lakini ichomwe polepole, usiniharakishe."

Mama aliendelea kumenya. Nakumbuka kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Kesho yake kasha la CD lilikuwa tupu. Nilimwuliza mama, akasema Jumapili hiyo hajisikii kutazama. Nilipekua nyumba nzima nikimlaani shangazi. Mama alikaa jikoni, akichochea moto chini ya chungu cha ndizi na maharage, na alipika siku hiyo, na siku zilizofuata, kama kawaida, moshi ukipenya kwenye nyasi za paa. Kwenye meza kompyuta ilikaa imefunikwa kitambaa. Hakuna aliyekaa karibu nayo.

Nilirudi kutoka Bukoba na mashine ya kijivu kwenye mkoba, nikiwa bado natumaini CD itapatikana. Mama aliizunguka bila kuigusa.

"Ndiyo hii inayochoma?"

"Ndiyo hii."

"Moto wake unawashwa wapi?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba hakuna moto, kwamba mjini kuchoma CD ni kuinakili tu, ili ikifa moja ibaki nyingine. Yeye hakucheka. Alikaa chini taratibu.

"Nilidhani shangazi yako amekushinda," alisema.

Akainuka, akaenda jikoni, akapanda juu ya kinu. Juu ya mafiga kuna kichanja tunachohifadhia mbegu za maharage, moshi uzikinge na wadudu. Ndipo kinapowekwa kila kitu kisichotakiwa kupotea. Akashusha kifurushi cha majani makavu ya mgomba.

"Niliiweka mbali na moto wako," alisema.

CD ilikuwa imejikunja kama jani la mbuni lililonyauka, rangi ya chai. Ufa ulikuwa umefika ukingoni.

"Jaribu," mama alisema.

"Mama, haitakubali."

"Jaribu, waitu, nakuomba."

Niliiweka kwenye ile mashine ya kijivu, nikashusha kasi hadi mwisho wake. Ile sauti ya mbu ilianza, ikapanda, ikawa mluzi, halafu kikasikika kishindo kimoja ndani ya chuma. Nilipofungua trei, vipande vilitoka vikimeta. Mama aliviokota kimoja kimoja, akavitia kwenye yale majani ya mgomba, akaelekea kibanjani. Sikumfuata.

Hakutaka tena kuiona kompyuta. "Nyumba isiyo na mlango ni ya nini," alisema. Niliipeleka kwenye shule moja mjini. Waliifuta yote, wakaweka programu ya kujifunzia kuchapa.

Miaka mingi baadaye, nikitafuta jambo jingine kabisa, nilikutana na ukurasa wa kampuni iliyotengeneza mchezo ule. Walikuwa wametoa faili dogo, la bure, la kuondoa sharti la CD. Ukiliweka, mji ulifunguka wenyewe. Tarehe yake ilikuwa ya kabla kaka hajaugua.