Makoti ya Kumwonyesha Fundi

Kule masjala walimwita Madukani, na walimwita kwa kumcheka, maana dukani yule mwanamke hakuwa amekanyaga tangu aanze kujinunulia nguo mwenyewe. Kila kilichokuwa mwilini mwake kilitoka sokoni, kwenye rundo la mitumba. Na bado, ukimwona anaingia kazini saa mbili kasorobo asubuhi na sketi yake ya marinda na koti la sufu lililobanwa kiunoni, ungedhani ni mke wa balozi amepotea njia akaingia ofisi ya maji kuulizia bili. Kumbe ni karani wa mafaili. Miaka kumi na tisa anapanda ngazi ya chuma kutafuta majalada yenye vumbi la kukohoza, miguuni viatu vilivyozoeshwa na mwanamke mwingine ambaye Mungu peke yake ndiye anayemjua.

Raha yake ilikuwa hiyo moja tu, na msimwonee. Alipenda nguo kuukuu jinsi wengine wanavyopenda umbea: alitaka kujua ilikuwa ya nani, ilichanika lini, nani aliitia kiraka. Akinunua koti anapekua mifuko kwanza. Aliwahi kukuta tiketi ya treni ya miaka arobaini iliyopita, peremende iliyogeuka jiwe, na siku moja barua ya mapenzi kwa lugha asiyoijua. Ile barua aliitunza, loh, utadhani aliandikiwa yeye.

Wiki ninayokusimulia ilikuwa ya baridi mbaya, ile ya kipupwe inayoingia kwenye mifupa ikagoma kutoka. Watu walitembea mabega yamegusa masikio. Pale sokoni muuzaji wake, mama mmoja mnene tuliyemzoea kwa jina la Mama Robota, alifungua marobota mawili ya makoti mazito Jumatatu ile ile. Mwaka mwingine Madukani angeomba ruhusa kazini awahi. Mwaka huu alikuwa na mzigo moyoni, na mzigo wenyewe ulikuwa mama yake.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Miaka thelathini na tano alishona katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na nusu ya wanawake wa mtaa ule waliolewa kwa magauni yake. Sasa akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Alianza kusahau sufuria jikoni, akaja akasahau njia ya sokoni, halafu watu. Jumapili Madukani alipokwenda kumwona, mama alimtazama toka utosini hadi kwenye vidole, akauliza, "Wewe nani? Unatafuta nini nyumbani kwangu?" Na kabla hajajibiwa akaokota mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa. Madukani alitoka mbio. Alikwenda kulia kwa jirani wa ukuta mmoja, mjane aliyekuwa akimwangalizia mama mchana yeye akiwa kazini.

Jioni hiyo kaka yake akapiga simu. Kaka huyu alikaa mbali, safari ya kutwa nzima kwa gari, na alionekana mara moja kwa mwaka.

"Jumamosi nakuja kumchukua," alisema. "Kwangu kuna mke wangu, kuna uwanja, kuna watu kutwa. Wewe unashinda ofisini, na chumba chako kimoja kiko ghorofa ya tatu. Jirani naye amechoka, ameniambia mwenyewe."

"Mama hawezi huko, kaka. Niachie mimi. Nitamhamishia kwangu."

"Anakujua?"

Hapo Madukani akadanganya. "Ananijua."

Kaka akaweka sharti: "Haya. Jumamosi, akikutambua mbele yangu, nakuachia, na mshahara wa msaidizi nitatuma mimi. Asipokutambua, mdogo wangu, usinipigie kelele. Awe analelewa na mgeni huko mjini, kwa faida gani?"

Neno hilo "mgeni" lilimkata maini. Lakini alikubali, angefanyaje? Alikuwa na siku sita za kujirudisha kichwani mwa mama yake.

Jumatatu alitoka kazini akapitia sokoni, si kwa sababu alikuwa na hamu, miguu tu ilimpeleka. Akakuta koti la kijivu la kiume, zito, vifungo vya pembe, na alipolivaa mbele ya kile kioo cha Mama Robota chenye ufa, jamani, ile raha yake ikaja yenyewe bila kuitwa. Alilinunua, akalikunja mkononi, akaenda kwa mama yake. Mama alifungua mlango nusu. Hakumtazama usoni. Alitazama mkono.

"Umeleta nini leo?"

Madukani alirudi nyuma hatua moja, akiutafuta mkasi kwa macho.

"Si nakuuliza wewe, dada wa mitumba! Umeleta nini? Ingia basi, unaniingizia baridi."

Akaingia. Mama akalichukua lile koti, akalitandaza juu ya meza ya kukatia na kuligeuza nje ndani. Vidole vilevile ambavyo asubuhi vilishindwa kufunga kifungo cha sweta lake vilipita kwenye mshono taratibu, vikasimama, vikarudi.

"Aliyeshona hili alikuwa na shoto," alisema. "Ona uzi unavyolala. Na hapa kwapani lilifumuka, likashonwa tena na mtu mwenye haraka zake. Hovyo!"

"Umejuaje, mama?"

"Usiniite mama, mimi sikukuzaa. Niite Fundi."

Basi akamwita Fundi. Wakakaa saa nzima wawili hao juu ya lile koti, mama akimfundisha mambo aliyokwisha kumfundisha akiwa na miaka minane, na mara mbili walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mwisho mama akalisukuma pembeni. "Silitaki. Rangi ya majivu, kama nimefiwa. Kesho lete jingine."

Ndiyo ikawa kazi yake. Kila jioni koti. Jumanne alipeleka la mahameli ya kijani, kola imechakaa kidogo, na alilivaa njiani makusudi ili walau alifaidi kabla ya kwenda kutukaniwa. Mama Robota akaanza kumchokoza.

"Wewe! Koti kila siku? Umepata bwana?"

"Nimepata mteja."

"Mteja? Ebo! Unanunua kwangu uniharibie biashara?"

"Huyu hanunui. Anakosoa tu."

"Basi huyo ni bwana kweli," Mama Robota akasema, na Madukani akacheka, kisha akageukia kule kwenye masweta ili asionekane uso.

Maana alikuwa anaiona hesabu ya siku. Jumatano alijaribu mbinu. Alifungua sanduku lake chini ya kitanda akatoa gauni la shule ya msingi aliloshonewa na mama mwenyewe, akalichanganya na nguo za sokoni. Mama akaligeuza.

"Pindo kubwa hili," mama akasema. "Aliyeshona alijua mtoto atarefuka. Alirefuka?"

"Alirefuka, Fundi."

"Mbona hawakulifumua sasa?"

Madukani alikumbuka kwamba mwaka ule mama alishona mengine mawili mapya, kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja, mtoto wake asivae la kufumuliwa. Mama alilikunja vizuri akamrudishia. "Hili la mtoto. Mimi sina mtoto mdogo humu, utanijazia nyumba."

Alhamisi uvumilivu ukamwisha. Walikuwa wanacheka habari ya koti moja lenye mabega ya kuwekewa sponji, mama amelivaa, anatembea chumbani kama mkuu wa polisi, na Madukani akaona ndiyo nafasi. Akamshika mkono. "Mama, ni mimi. Mimi ni binti yako." Kicheko kikakatika. Mama akautoa mkono wake, na machoni mwake ikaingia hofu, hofu ya kweli, ya mtu aliyejikuta chumba kimoja na kichaa. Akaanza kuutafuta mkasi.

"Nakutania, Fundi!" Madukani akawahi. "Nakutania tu, unisamehe."

"Utani gani huo," mama akanung'unika, na ilimchukua muda mrefu kutulia. Jioni hiyo Madukani aliondoka mapema, akatembea mpaka kwake kwa miguu, mikono mfukoni, akijiuma midomo. Mtu akikwambia mgeni huumia kufukuzwa na mwenyeji, mwambie ajaribu kufukuzwa na aliyemzaa.

Ijumaa hakujaribu kitu. Alileta koti la mvua la rangi ya mchanga, bitana yake ya ndani imechanika, wakalitia bitana upya pamoja, yeye akitunga uzi kwenye sindano, mama akishona. Ilikuwa jioni nzuri kuliko zote, na yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba ni ya mwisho. Mama alikata uzi kwa meno, akamtazama.

"Wewe mama yako yupo?"

"Yupo."

"Basi nenda kwake. Unashinda na mimi jioni zote, mwenzio yuko peke yake na baridi hii. Nenda."

Alikwenda, angefanya nini.

Kaka alifika Jumamosi saa mbili asubuhi, amesafiri usiku kucha, ukungu bado umeshika mtaa. Madukani alikuwa amevaa koti lake zuri kuliko yote, jekundu lililoiva, la zamani kuliko yeye mwenyewe. Kaka hakuwahi hata kusalimia. Mama aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, uso ukamchanua.

"Kijogoo! Umenenepa wewe!"

Jina hilo la utotoni hakuna aliyemwita kwa miaka thelathini. Mwanamume mzima yule alipiga magoti, akamkumbatia mama yake kiunoni, akalia kwa sauti. Madukani alisimama palepale mlangoni. Wivu alioupata ulimwaibisha, lakini aliupata, na mimi simlaumu.

Kaka akafuta uso. "Mama, na huyu je? Unamjua huyu?"

Mama akamtazama Madukani. Akatazama koti, akatazama uso, akarudi kwenye koti.

"Huyu ni dada wa mitumba. Mbishi, lakini ana jicho. Mnunulie mkeo koti."

Kaka alitazama sakafu. Hakusema nilikwambia, na Madukani hakupiga kelele, kama walivyokubaliana. Alimvisha mama masweta mawili, akamfunga skafu, akabeba begi lililofungashwa na jirani akalipeleka kwenye gari. Aliporudi akakuta shughuli. Mama alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili.

"Siendi! Kijogoo, niache! Binti yangu anakuja jioni akitoka kazini. Hakosi hata siku moja yule. Akija akute nimefunga mlango?"

Kaka akapigwa na butwaa. "Mama, binti yako si ndiye hu..."

Madukani akamtikisia kichwa: usimwambie. Alikuwa ameyaona ya Alhamisi, hakutaka mama asafiri na hofu ile. Kaka akajaribu kumbembeleza, akajaribu kumvuta kidogo. Mama akapiga yowe, majirani wakaanza kufungua madirisha. Kaka akamgeukia dada yake, macho yanaomba.

Madukani akapiga moyo konde, akasogea.

"Fundi," alisema, "binti yako nimekutana naye asubuhi hii. Ametangulia. Yuko kwa kaka yake, anakusubiri huko."

Mama akamkazia macho. "Umemwona wewe mwenyewe?"

"Kwa macho yangu."

"Amevaa koti?"

"Amevaa."

"Zito?"

"Zito, Fundi. Tena lina bitana."

"Limemkaa mabegani? Maana ana mabega mapana yule, ya baba yake. Nguo za kununua humbana."

Madukani alilivuta koti lake jekundu mabegani. "Limemkaa."

Mama akauachia mwimo, kidole kimoja baada ya kingine, akamshika Kijogoo mkono. "Basi twende upesi," alisema, "mtoto asikae akitusubiri kwenye baridi." Akaingia garini mwenyewe, na Madukani ndiye aliyemfungia mlango.