Upande wa Rukia

Usiku ule wa kuamkia mechi nililala na hasira, na mimi nikilala na hasira huota vitu vya ajabu. Jioni, tulipokuwa tunavua viatu baada ya mazoezi, Pendo alinifuata akaniambia polepole, "Dada, kesho nacheza, halafu basi. Tafuteni mwingine." Nilijua akiondoka tutabaki wanne, na wanne si timu. Rukia alishatutoka, na sasa timu aliyoipenda ingemfuata.

Hapa Morogoro watu bado hutuuliza kama tunacheza raga. Huu ni mpira wa Kimarekani, ule usio wa kuangushana: kila mchezaji ana vitambaa kiunoni, na mwenye mpira akichomolewa kitambaa, mchezo unasimama hapo. Uwanjani tunakuwa watano. Mimi ndiye mrushaji, mmoja hunipa mpira, watatu hukimbia kupokea. Rukia, rafiki yangu tangu shule ya msingi, alikuwa mpokeaji wa kulia. Homa ilimchukua kabla ya masika, na toka hapo hakuna aliyesimama upande wake. Hakuna aliyekataza, tuliona tu si adabu. Pendo alipokuja kuziba pengo tulimsimamisha kushoto pamoja na wenzake wawili, na kila alipoangusha mpira, mtu hakukosa kusema, "Rukia angeudaka huo." Timu zote zikatujua. Mabeki wakawa wanahamia kushoto, wanatungoja, na sisi tunafungwa kila mechi.

Basi nikaota niko uwanjani, ila uwanja uko ndani ya ua wa kina Rukia. Upande wa kulia yametandikwa majamvi, na sisi tumekaa juu yake na jezi zetu za njano, tumejitanda kanga, miguu tumeinyoosha kama siku ile ya msiba. Sufuria la pilau linachemka na hakuna anayeliangalia. Harufu yake naisikia vizuri kabisa. Mabeki wa timu ya kesho wamejipanga mbele yetu, wanangoja tumalize kulia.

Rukia anaingia kwa mlango wa nyuma. Amevaa raba zake, kamba hazijafungwa. Hakunisalimu, na mimi sikushangaa. Nilifurahi tu, furaha ya kumwona mtu aliyechelewa. Akasimama mbele yetu, mikono kiunoni.

"Shoga, matanga yangu hamjaanua tu?"

Nikataka kumwambia tulishaanua, kwamba mama yake mwenyewe ndiye aliyetupikia siku ya mwisho, tukala, tukakunja majamvi, kila mtu akarudi kwake. Hakunipa nafasi. Yeye akalishika jamvi akalivuta tukiwa bado tumekaa, tukaanguka mmoja baada ya mwingine, na Pendo akaangua kicheko. Sikuwahi kumsikia Pendo akicheka. Pale jamvi lilipokuwa, nyasi zilikuwa ndefu, hazijakanyagwa.

Mara hakuna jamvi wala ua. Rukia anawashika mabega wapokeaji watatu, anawapanga upande ule wa kulia, mmoja nyuma ya mwingine, karibu karibu, kama watoto wa chekechea wanaokwenda kunawa mikono. Mabeki wanahangaika.

"Wangu yupi?" anauliza mmoja.

"Wa mbele!"

"Wakitawanyika je, wa mbele atakuwa nani?"

Nabana kicheko. Rukia anamtoa Pendo kwenye mstari, anamtembeza taratibu kuelekea kushoto kabla mpira haujaanza. Anapomtembeza ananikazia macho mimi.

"Usimtazame yeye," ananiambia. "Mtazame anayemfuata."

Beki mmoja mrefu anamfuata Pendo hatua kwa hatua. Hapo naelewa kwamba wanalinda mtu kwa mtu. Yule beki angebaki palepale, ningejua wanalinda eneo. Yaani wametutobolea siri yao wenyewe, na sisi hata mpira hatujaushika. Pendo anarudi nyuma ya wenzake, mpira unaanza, watatu wanatawanyika: mmoja anakata ndani, mmoja anasimama ghafla, mmoja anachapa mbio pembeni. Mabeki wawili wanagongana. Pembeni kweupe, hakuna mtu, na anayekimbia huko si Pendo tena, ni Rukia. Narusha. Unatoka mpira mzuri, mpira ambao hata mtoto angeudaka. Unamgonga Rukia viganjani, unaanguka.

Rukia ameinama, ameshika magoti, anacheka kile kicheko chake cha kukoroma. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo tangu tumzike halikunijia hata mara moja: Rukia alikuwa anaangusha mipira. Tena mingi, na ile rahisi ndiyo hasa. Tulikuwa tukimzomea sisi wenyewe, naye anatutolea ulimi. Miezi yote hiyo nilikuwa namlilia mtu mwingine kabisa, mtu asiyekosea, na sasa nimempata Rukia mwenyewe. Nilifurahi mpaka kifua kikaniuma.

Akauokota mpira, akaja kunipa mkononi. Ulikuwa na joto la jua.

"Mwambie Pendo nilikuwa naangusha," akasema. Halafu akaenda kuangalia pilau.

Nikaamka. Msikitini walikuwa wanaadhini alfajiri, na mimi nimekaa kitandani natabasamu peke yangu. Sikungoja kupambazuke. Nikampigia simu Pendo, akapokea kwa sauti ya usingizi.

"Dada? Kuna nini?"

"Nimemwota Rukia. Kaniambia nikwambie alikuwa anaangusha mipira."

"Nani, Rukia?"

"Rukia huyo huyo. Mingi tu, tukawa tunamzomea. Sisi ndio tuliosahau. Leo wote watatu mnasimama upande wake, na wewe ndiye utakayekimbia pembeni."

Nikasikia kitanda chake kikilia, ameinuka kukaa.

"Sasa dada," akasema, "nisimame kwenye mstari wa pembeni kabisa, au niingie ndani kidogo?"